Shigeo Shingo na Saa Zinazopotea Karakanani

Nilipokuwa kijana nilipeleka kijitabu changu cha mashairi kwa mpiga chapa mmoja, nikitaraji kukiuza siku ya Idi. Nilishinda pale barazani kutwa. Mtambo ulikuwa mzima, wino upo, karatasi zipo. Lakini kila kazi moja ilipokwisha, mtambo ulisimama na mafundi wakatawanyika, huyu akitafuta spana, yule akitafuta kitambaa. Idi ikapita, vijitabu vikanidodea mkononi. Miaka baadaye niliposoma habari za Mjapani Shigeo Shingo, nilitambua kwamba aliyaona yale yale niliyoyaona mimi, ila mimi nilinung'unika, naye akatafuta dawa.

Shingo alizaliwa mwaka 1909 katika mji wa Saga. Alisomea ufundi huko Yamanashi, akahitimu mwaka 1930, kisha akaajiriwa katika karakana ya reli mjini Taipei, katika kisiwa cha Taiwan kilichokuwa chini ya Japani siku hizo. Baada ya Vita Vikuu vya Pili akawa mshauri wa viwanda.

Mwaka 1950 aliitwa Hiroshima, katika kiwanda cha Toyo Kogyo, watengenezaji wa magari ya Mazda. Mashine kubwa za kukandamiza bati zilikuwa zikichelewesha kazi, na wenyewe waliona dawa ni kununua nyingine. Shingo akaomba azitazame kwanza. Siku ya tatu ilibadilishwa kalibu katika mashine ya tani 800, na bolti moja haikuonekana. Fundi akaenda mbio kuitafuta, akarudi baada ya saa nzima na zaidi. Kumbe alikuwa ametwaa bolti ndefu ya mashine ya jirani na kuikata! Pengo la hapa limezibwa, la kule limefunguliwa.

Hapo Shingo akang'amua kwamba kubadilisha kalibu ni kazi mbili. Iko ambayo haifanyiki ila mashine imesimama, kama kutoa kalibu moja na kutia nyingine. Na iko ambayo yaweza kufanywa mashine ingali inakwenda: kuhesabu bolti, kuziweka sandukuni, kusogeza kalibu ijayo. Watu walikuwa wakizichanganya zote mbili.

Mwaka 1969 alikabiliwa na mashine ya tani 1,000 katika kampuni ya Toyota. Kubadilisha kalibu yake kulichukua saa 4. Kwa miezi sita muda ukashuka hadi dakika 90. Wakubwa hawakutosheka, wakataka dakika 3! Shingo akaanza kuzigeuza hata zile kazi za mashine iliyosimama zifanywe kabla haijasimama, na baada ya miezi mitatu dakika 3 zikapatikana.

Faida yake ni kubwa, msomaji. Kiwanda kinachopoteza saa 4 kwa kubadilisha hulazimika kutengeneza lundo la kitu kimoja na kulijaza ghalani. Kinachotumia dakika 3 hutengeneza kadiri mnunuzi atakavyo.

Mwaka 1988 Chuo Kikuu cha Utah State, Marekani, kilianzisha tuzo yenye jina lake. Alifariki mwaka 1990.

Mabaharia wetu walilijua jambo hili zamani: nahodha hashoni tanga upepo ukishavuma. Laiti yule mpiga chapa wangu angaliziweka spana zake tayari, mashairi yangu yangaliiwahi Idi.