Mwepu Ilunga: beki wa Léopards ambaye dunia ilimcheka bila kumuuliza

Joseph Mwepu Ilunga, beki wa kulia wa zamani wa TP Mazembe na wa ekipe ya taifa Léopards, aliaga dunia mjini Kinshasa tarehe 8 mwezi wa tano 2015, akiwa na umri wa miaka 65. Wandishi wengi wa habari wa Ulaya walipotangaza kifo chake, walirudi kwenye picha ileile ya mwaka 1974: mchezaji mwenye jezi ya kijani anatoka mbio kwenye ukuta wa mabeki na kuupiga mbali mpira ambao haukuwa wake kupiga. Kombe la Afrika alilobeba miezi mitatu mbele ya siku hiyo wengi hawakulikumbuka.

Picha hiyo ingali inazunguka. Kijana wa Kazimia, Baraka au Uvira anaweza kuiona leo kwenye simu, ikiwa na kicheko na bila maelezo. Lakini nyuma ya zile sekunde chache kuna mambo ya pesa, ya woga na ya utawala.

Kijana wa mpira wa Lubumbashi

Mwepu alizaliwa tarehe 22 mwezi wa nane 1949. Alijulikana akiwa na TP Englebert ya Lubumbashi, ekipe ambayo baadaye ilichukua jina la TP Mazembe. Hiyo haikuwa ekipe ndogo. Ilibeba kombe la mabingwa wa Afrika mwaka 1967 na tena mwaka 1968, kisha ikafika fainali mwaka 1969 na 1970. Humo ndimo walitoka pia golikipa Kazadi Mwamba na beki Bwanga Tshimen, aliyechaguliwa kuwa mchezaji bora wa Afrika mwaka 1973.

Wakati huo Rais Mobutu alikuwa ameshika mpira kwa mikono miwili. Mwaka 1971 nchi iliitwa Zaïre, na mwaka uliofuata majina ya Kizungu yalikatazwa kwa ajili ya siasa ya authenticité. Joseph akabaki Mwepu Ilunga. Ekipe ya taifa nayo ilibeba jina la Léopards, mnyama ambaye Mobutu alivaa ngozi yake kichwani. Tangu hapo, kushinda kwa Léopards kulihesabiwa kuwa kushinda kwa rais, na kushindwa kwao pia hakukuwa tena jambo la uwanjani peke yake.

Miezi ya sifa

Mwezi wa kumi na mbili 1973, Léopards waliipiga Maroko magoli 3-0 mjini Kinshasa na kupata tiketi ya Kombe la Dunia. Ilikuwa mara ya kwanza kwa nchi ya Afrika iliyo kusini ya Sahara kufika huko. Mobutu alifurahi sana, na wachezaji wakapewa nyumba na magari.

Mwezi wa tatu 1974, Léopards walikwenda Misri kwa Kombe la Afrika. Katika fainali walitoka sare ya 2-2 na Zambia. Mchezo ukarudiwa siku mbili baadaye, na Zaïre ikashinda 2-0. Ndaye Mulamba ndiye aliyefunga magoli yote manne ya michezo hiyo miwili, akamaliza mashindano na magoli 9, hesabu ambayo haijapata kufikiwa na mchezaji mwingine katika Kombe moja la Afrika. Mwepu alikuwa mmoja wa mabeki wa ekipe hiyo. Hakuna aliyesema wakati ule kwamba vijana hao hawajui sheria za mpira.

Ndiyo sababu safari ya Ujerumani Magharibi ilianza kwa matumaini makubwa. Kocha wao, Blagoje Vidinić kutoka Yugoslavia, alikuwa na uzoefu: mwaka 1970 alikuwa ameifikisha Maroko kwenye Kombe la Dunia. Tarehe 14 mwezi wa sita, mjini Dortmund, Léopards walishindwa na Scotland 2-0 tu. Waliotarajia magoli mengi walishangaa. Mwepu, akiwa na jezi namba 2, alicheza kama beki mwenye kujua kazi yake.

Pesa zilizopotea njiani

Kisha ikaja habari mbaya. Wachezaji walifahamishwa kwamba pesa za prime walizoahidiwa hazitawafikia. Wakubwa waliosafiri nao walikuwa wengi, na wachezaji waliamini kwamba pesa ziliishia katika mifuko ya hao. Walitaka kukataa kucheza mchezo wa pili. Mwishowe waliingia uwanjani, lakini moyo haukuwamo.

Tarehe 18 mwezi wa sita, mjini Gelsenkirchen, Yugoslavia iliwapiga 9-0. Baada ya goli la tatu, golikipa Kazadi aliondolewa, na nafasi yake ikachukuliwa na Tubilandu. Kwa kuwa kocha alikuwa mtu wa Yugoslavia, minong'ono ya kuuza mchezo ilienea haraka. Baada ya goli la nne, wachezaji wa Zaïre walimzunguka mwamuzi, Omar Delgado wa Colombia, wakilalamika. Katika vurugu hiyo Mwepu alimpiga mwamuzi teke kwa nyuma. Mwamuzi alipogeuka, alimtoa Ndaye Mulamba kwa kadi nyekundu, mtu ambaye hakufanya kosa lolote.

Hilo ni doa la kweli katika maisha ya Mwepu, na waliompenda hawana haja ya kulificha. Alimpiga mwamuzi, na rafiki yake akalipa deni. Ndaye hakucheza tena katika mashindano yale. Lakini ajabu ni kwamba teke hilo, ambalo lilikuwa kosa lenyewe, dunia ililisahau upesi. Kilichobaki kinachekwa mpaka leo ni jambo la siku nne baadaye, ambalo halikumdhuru mtu.

Hoteli iliyofungwa

Miaka mingi baadaye, Mwepu aliwaeleza wandishi wa habari yaliyotokea kati ya michezo hiyo miwili. Alisema kwamba walinzi wa rais walifika hotelini, wakafunga mlango kwa waandishi wote, na kutoa ujumbe mfupi: ekipe ikipigwa na Brazil kwa magoli manne au zaidi, hakuna mchezaji atakayerudi nyumbani.

Wakaaji wa Fizi hawahitaji kuelezwa uzito wa maneno kama hayo. Mwaka huohuo wa 1974, katika milima iliyo juu ya ziwa Tanganyika, wapiganaji wa PRP wa Laurent-Désiré Kabila walikuwa bado wanashika sehemu ya Fizi dhidi ya utawala wa Mobutu. Watu wa pwani ya ziwa waliishi kati ya waasi na askari wa serikali. Walijua kwamba tisho la Kinshasa halikuwa la maneno matupu. Watazamaji wa televisheni kule Ulaya hawakujua hilo, na kwa kuwa hoteli ilifungwa, wandishi waliokuwa Ujerumani hawakusikia neno lolote kutoka kwa wachezaji.

Kulikuwa pia na hesabu nyingine. Katika kundi lile, Brazil ilikuwa imetoka sare ya 0-0 na Yugoslavia, na tena 0-0 na Scotland. Ili ipite mbele ya Scotland, ilihitaji kuifunga Zaïre kwa tofauti ya magoli matatu. Kwa hiyo Brazil ilitafuta goli la tatu kwa nguvu zote, na Léopards walikuwa wanaogopa goli la nne kama mtu anavyoogopa kifo.

Sekunde chache za tarehe 22

Mchezo ulifanyika Gelsenkirchen tarehe 22 mwezi wa sita. Jairzinho alifunga goli la kwanza, Rivelino la pili, na Valdomiro la tatu katika dakika ya 79. Katika sehemu ya mwisho ya mchezo, Brazil ilipata mpira wa adhabu, ule unaoitwa coup franc, karibu na eneo la hatari. Rivelino, aliyejulikana kwa mashuti yake makali, alisimama karibu na mpira. Filimbi ikalia. Kabla Mbrazili yeyote hajagusa mpira, Mwepu alitoka kwenye ukuta, akakimbia na kuupiga mbali sana.

Wachezaji wa Brazil walibaki wameduwaa. Mwamuzi Nicolae Rainea wa Romania alimwonyesha Mwepu kadi ya manjano. Uwanjani watu walicheka. Kwenye televisheni ya Uingereza, jambo hilo lilielezwa kuwa ni ujinga wa Waafrika. Maelezo hayo yalirudiwa na wengine, yakageuka kuwa hadithi: kwamba Zaïre ilileta watu wasiojua hata sheria ya kwanza ya mpira.

Mtu akifikiri kidogo, hadithi hiyo haisimami. Sheria inasema kwamba beki akae umbali wa meta 9.15 mpaka mpira upigwe. Mwepu alikuwa amecheza mashindano makubwa ya Afrika, na mipira kama hiyo aliiona katika kila mchezo. Bingwa wa Afrika hafundishwi coup franc siku ya mchezo wake wa tatu wa Kombe la Dunia.

Mwepu mwenyewe, alipoulizwa na waandishi wa nje baada ya miaka mingi, alieleza kwamba alijua sheria vizuri. Alitaka apewe kadi nyekundu. Hakuona sababu ya kuendelea kuumia uwanjani wakati wengine walikuwa wanakula pesa ya jasho lake. Maelezo mengine yanasema kwamba alitaka kupoteza muda na kuvunja nguvu ya Brazil ili goli la nne lisipatikane. Mambo hayo mawili hayapingani sana: mtu mwenye hasira na mwenye woga anaweza kuyafanya yote kwa teke moja. Mchezo uliisha 3-0. Brazil ikapita, Scotland ikatoka bila kushindwa hata mchezo mmoja, na Léopards wakaruhusiwa kurudi nyumbani.

Mashabiki waligeuka

Nyumbani, sifa za mwezi wa tatu zilikuwa zimekwisha. Wapenzi wa mpira waliona haya kwa magoli 14 yaliyofungwa katika michezo mitatu bila Zaïre kufunga hata moja. Habari za prime na za walinzi wa rais hazikuweza kusemwa wazi, kwa sababu vyombo vya habari vilikuwa chini ya utawala. Mashabiki walihukumu kwa yale waliyoyasikia, na waliyoyasikia yalikuwa nusu ya habari.

Mobutu naye alihamisha macho. Tarehe 30 mwezi wa kumi 1974, Kinshasa ilipokea pambano la Muhammad Ali na George Foreman. Kila mmoja wa wapiganaji hao wawili aliahidiwa dola milioni 5. Katika muda wa miezi minne, nchi iliyoshindwa kuwalipa wachezaji wake ilikuwa inajulikana duniani kote kwa kuwalipa wageni.

Wengi wa Léopards wa 1974 waliishi maisha magumu. Ndaye Mulamba alikimbilia Afrika Kusini. Mwaka 1998, wakati wa Kombe la Afrika kule Burkina Faso, watu walisimama dakika moja kimya kwa ajili yake, kwa sababu habari ya uongo ilisema amekufa. Alikuwa hai, na aliishi mpaka mwaka 2019. Mwepu alibaki Congo. Katika mahojiano ya uzeeni alionyesha uchungu wake: aliona kwamba anaishi kama maskini, na kwamba kama saa ingeweza kurudi nyuma, angechagua kuwa mkulima.

Deni la wenye kusimulia

Mwepu hakuwa malaika. Teke alilompiga mwamuzi lilikuwa aibu, na hasira yake ilimgharimu mwenzake. Lakini kwa miaka mingi alihukumiwa kwa jambo ambalo hakuna aliyemuuliza sababu yake. Wandishi wa Ulaya walikuwa na kalamu na kamera, ila hawakuwa na hamu ya kujua. Wandishi wa Zaïre walijua sehemu kubwa ya mambo, ila hawakuwa na ruhusa ya kuandika. Kati ya hao wawili, mchezaji alibaki bila msemaji.

Kesi yake inawahusu pia vijana wanaocheza leo kwenye viwanja vya Kazimia, Baraka na Fizi, na wanaota jezi ya Léopards. Sasa video ya kosa moja inasambaa kwa dakika chache, na wanaoicheka ni wengi kuliko wale waliokuwa Gelsenkirchen. Mwepu alisubiri karibu miaka 30 kabla dunia kusikiliza maelezo yake, na mpaka anafariki, pesa za prime za mwaka 1974 zilikuwa bado ni habari ya kuulizia.