FABIO CASARTELLI: BINGWA WA OLIMPIKI ALIYETEREMKA KICHWA WAZI

Haya wadau, leo tuache kidogo siasa na mpira. Kuna jamaa nataka niwasimulie habari zake. Kila nikiona vijana wanavyoteremka Mlima Nyoka hapa Mbeya, au Kitonga kule Iringa, wako kwenye baiskeli, mzigo kwenye keria, breki za kubahatisha na kichwa wazi, huwa namkumbuka yeye.

Jina lake Fabio Casartelli, Mtaliano. Alizaliwa tarehe 16 Agosti 1970 huko Como, kaskazini mwa Italia, sehemu ya milima na maziwa. Kule kwao baiskeli ni kama mpira kwetu, kila mtoto anataka kuwa bingwa. Fabio naye alianza mdogo, na mwaka 1992 akachaguliwa kuiwakilisha nchi yake kwenye Olimpiki ya Barcelona, mbio za barabarani za kilomita 194. Mwishoni wakabaki watatu mbele: yeye, Mholanzi Erik Dekker na Dainis Ozols wa Latvia. Fabio akawaacha mita za mwisho na kuondoka na dhahabu, umri wake miaka 21 tu.

Mwaka uliofuata akaingia kwenye mbio za kulipwa, na mwaka 1995 akawa kwenye timu ya Motorola ya Marekani. Nyumbani alikuwa na mke na mtoto wa kiume mchanga wa miezi michache. Yaani maisha ndiyo kwanza yalikuwa yanaanza kumnyookea.

Tarehe 18 Julai 1995, hatua ya 15 ya mashindano ya Tour de France, msafara ulikuwa unashuka mlima unaoitwa Portet d'Aspet, milima ya Pyrenees, Ufaransa. Barabara nyembamba, kona kali, na pembeni vizuizi vya zege, ukivitazama ni kama vile tunavyoviona kwenye kona zetu. Waendeshaji kadhaa wakaanguka kwa mpigo. Mmoja alitumbukia bondeni, akapona. Fabio kichwa chake kikagonga zege. Hakuwa na kofia ngumu. Alichukuliwa kwa helikopta kupelekwa hospitali mjini Tarbes, lakini hakupona. Miaka 24 tu jamani.

Kesho yake hakuna aliyeshindana. Siku nzima walitembea pamoja kama msiba, na mwishoni wakawaacha wenzake wa Motorola watangulie kuvuka mstari. Zawadi za siku hiyo zilikwenda kwa familia yake. Siku tatu baada ya kifo chake, mwenzake wa timu Lance Armstrong alishinda mjini Limoges, akanyoosha vidole juu mbinguni. Leo pale alipoangukia kuna mnara wa kumbukumbu, na baiskeli yake iko kwenye kanisa dogo la Madonna del Ghisallo, karibu na kwao.

Sasa swali: kwa nini bingwa hakuvaa kofia? Kwa sababu haikuwa lazima. Mwaka 1991 chama cha baiskeli duniani, UCI, kilijaribu kulazimisha, waendeshaji wakagoma. Walisema zina joto, nzito, zinasumbua mlimani. Kuna waliovaa kofia za kukata upepo ili kuwahi tu. Mwaka 1989 Greg LeMond alimpita Laurent Fignon siku ya mwisho ya Tour na kumshinda kwa sekunde 8 tu. LeMond alikuwa na kofia yenye umbo la kupasua hewa, Fignon kichwa wazi na nywele kafunga nyuma. Ila kofia nyingi za aina ile enzi hizo zilikuwa gamba tu la plastiki. Upepo zinakata, kichwa hazikingi.

Baada ya Fabio, wataalamu walibishana kama kofia ingemwokoa, maana kuna waliosema aligonga sehemu ambayo kofia haifiki. Ubishi huo ukachelewesha mambo. Mpaka Machi 2003 Andrei Kivilev wa Kazakhstan naye akafa kwa kuumia kichwa kwenye mbio za Paris-Nice, ndipo UCI ikaweka sheria Mei mwaka huo huo. Watu wawili, miaka minane katikati.

Siku hizi kofia za mbio zinafanya kazi zote mbili. Umbo limenyooka, matundu machache, upepo unapita bila kukamata. Ndani kuna povu gumu, kama lile jeupe linalofungia tivii mpya kwenye boksi. Ukigonga, linabonyea lenyewe na kula nguvu ya pigo kabla haijafika kwenye fuvu. Nyingine zina utando unaoteleza kidogo ndani, wazo la Wasweden linaloitwa MIPS, kwa sababu ubongo unaumia pia kichwa kikizungushwa ghafla.

Sasa tuje kwetu. Bodaboda akikosa kofia trafiki anamsimamisha, wa baiskeli hakuna anayemuuliza. Mimi mwenyewe mshkaji wangu alianguka mteremkoni, akapoteza fahamu, mpaka leo anasahausahau. Tulikuwa tunamcheka mwenzetu mmoja anayevaa kofia, tukimwita mzungu. Siku hizi simcheki tena.

Ushauri wa bure: ukinunua ya mtumba, angalia povu ndani. Likiwa na ufa au limebonyea, kofia hiyo imeshamaliza kazi yake kwa mtu mwingine, iache. Na funga mkanda wa kidevuni, usiivae kama pambo.

Fabio alikuwa na dhahabu ya Olimpiki na bado zege halikumjua. Wewe na mimi je? Toeni maoni wadau, hasa nyie wa Kitonga.