MPAGAZI ALIYEPITA UFIPA

Kijana, hebu simama kidogo kabla hujaikunja karatasi hii na kuitia mfukoni. Isome. Ni dakika chache tu.

Wewe unaujua mlima Lyambalyamfipa. Pengine umeshawahi kufika ukingoni ukaliona bonde la Ziwa Rukwa kule chini. Sasa fikiria mwaka 1873. Hakuna gari, hakuna barabara ya lami, hakuna hata baiskeli. Kundi la watu linakatiza nchi hii ya Ufipa kwa miguu, watu wamechoka, wengine wagonjwa. Wawili wamebeba mti begani, na kwenye mti huo umening'inia mzigo mrefu uliofungwa kwa magome ya mti na turubai.

Ndani ya mzigo kuna maiti ya mzungu. Jina lake David Livingstone. Huyo umesoma habari zake shuleni.

Lakini je, waliombeba unawajua? Haya, nitakusimulia habari za mmoja wao. Aliitwa CHUMA.

MTOTO ALIYEUZWA

Chuma alizaliwa karibu mwaka 1850, Myao wa upande wa Ziwa Nyasa. Akiwa bado mtoto aliuzwa utumwani. Hebu jiweke mahali pake. Mtoto mdogo, katikati ya msafara wa watumwa, anapelekwa asikokujua. Baba hayupo, mama hayupo. Nani angemtazama mtoto yule akasema huyu atakuwa mtu?

Mwaka 1861 akakombolewa. Livingstone na Askofu Mackenzie wa misheni ya UMCA waliikuta misafara ya watumwa katika nyanda za juu za mto Shire, wakawafungua watu. Chuma akakaa na wamisionari pale Magomero. Mwaka 1864 alipelekwa Bombay, India, akasomeshwa katika shule ya misheni, na Desemba 1865 akabatizwa kwa jina la James.

Mwaka uliofuata Livingstone alirudi Afrika, na Chuma akaja naye. Kijana wa miaka kama kumi na sita. Kazi yake? Kubeba, kupika, kujenga kibanda cha kulala, kutafuta chakula vijijini. Kazi za kutumwa tu! Kazi ambazo ukizifanya vizuri hakuna anayekusifu, na ukizifanya vibaya kila mtu anakugombeza.

ALIANGUKA, AKARUDI

Usidhani Chuma alikuwa malaika. La! Mwaka 1868 yeye na mwenzake Susi walichoka. Livingstone alitaka kwenda Ziwa Bangweulu, wao wakagoma. Wakamwacha mzee aende na watu wachache mno. Baadaye mwaka huohuo wakarudi, na Livingstone akawapokea. Akakumbuka kwamba na yeye ana udhaifu wake.

Rafiki, hapo pana neno lako. Labda na wewe ulianza vizuri. Ulikuwa Sunday School, uliimba kwaya, halafu ukaachia njiani. Pombe, wasichana, wavulana, makundi mabaya. Sasa shetani anakuambia umeshaharibika, huwezi kurudi. MWONGO HUYO! Chuma alirudi, na kazi kubwa ya maisha yake aliifanya BAADA ya kurudi.

Mwaka 1872 alipita Ufipa mara ya kwanza, wakitoka Unyanyembe karibu na Tabora. Waliambaa na milima ya ukingo wa Ziwa Tanganyika, jua kali, njia mbaya, na mzee tayari ameanza kudhoofika. Chuma alikuwa na mkewe, Ntaoeka, mwanamke wa msafara huohuo.

Kufika Aprili 1873, kwenye majimaji ya Bangweulu, Livingstone hakuweza tena kutembea. Siku moja walimpandisha juu ya punda, akaanguka. Chuma akambeba mabegani mwake kumrudisha kibandani. Tarehe 1 Mei 1873, kabla ya mapambazuko, wakamkuta amekufa kando ya kitanda chake, amepiga magoti. Ilikuwa katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia.

MZIGO WA MIEZI TISA

Sasa sikiliza. Bosi amekufa. Hakuna wa kuwaamuru. Hakuna anayewaona. Wangeweza kumfukia palepale, wagawane vitu, kila mtu ashike njia yake. Nani angewauliza?

Hawakufanya hivyo. Wakaandika orodha ya mali zake zote. Moyo wake wakauzika chini ya mti, na Jacob Wainwright, kijana mwingine aliyekombolewa utumwani, akasoma ibada ya maziko. Mwili wakautia chumvi, wakaukausha juani siku kumi na nne, wakaufunga, wakaanza safari ya kurudi pwani.

Si mchezo! Walikaa njiani karibu miezi tisa. Waliugua wote, wengine wakafa. Walipita Ufipa hapa, wakijiweka mbali na ile milima ya ukingo wa ziwa iliyowatesa mwaka uliotangulia. Mzigo ule ulikuwa hauuziki, hauliki, na watu wengi njiani waliogopa maiti isipite kwao.

Walipokaribia Unyanyembe, Chuma alitangulia mbele na barua iliyoandikwa na Wainwright. Huko alimkuta ofisa Mwingereza, Cameron, aliyetumwa kuja kumtafuta Livingstone. Cameron akawashauri wamzike palepale, yaishe. Mtu mkubwa amewaruhusu kupumzika! Wakakataa.

Mbele kidogo, Kasekera, wakasikia kwamba maiti haitapita. Wakaufunga mwili upya ukaonekana kama robota la nguo. Kisha wakafunga mabua ya mtama mfano wa maiti, watu wao wakayabeba kurudi nyuma kana kwamba wanakwenda kuzika. Wakayatupa porini na kuwafuata wenzao. Februari 1874 wakafika Bagamoyo.

SIKU YA MAZISHI HAKUWEPO

Unadhani walipokelewa kwa vigelegele? Serikali ya Uingereza iliuchukua mwili, ukapakiwa melini. Wapagazi wakalipwa ujira wao, wakaambiwa basi, nendeni.

Tarehe 18 Aprili 1874 Livingstone akazikwa Westminster Abbey, London, mahali walipozikwa wafalme. Umati wa watu, wakubwa wa nchi, magazeti. Katika wote waliombeba kutoka Chitambo, aliyekuwepo ni mmoja tu, Jacob Wainwright. Chuma hakuwepo. Susi hakuwepo. Walikuja kupelekwa Uingereza baadaye, kwa nauli ya rafiki mmoja wa marehemu, wakakuta mazishi yamekwisha.

Huko walikaa na mchungaji Horace Waller, wakamweleza yaliyoandikwa katika madaftari ya Livingstone, na habari za siku zake za mwisho ambazo yeye mwenyewe hakuweza kuziandika. Tunayoyajua leo juu ya siku hizo, kwa sehemu kubwa, yametoka kinywani mwa wapagazi wale. Chama cha Kijiografia cha Kifalme kikawapa medali.

UFIPA TENA

Je, Chuma alibaki kutembea kifua mbele na medali yake? Hapana. Alirudi Zanzibar, akashika kazi ileile ya njiani. Aliongoza misafara ya misheni ya UMCA wakati wa Askofu Steere, upande wa kusini kuelekea Ziwa Nyasa, miaka ileile misheni ilipofungua kituo cha Masasi, mwaka 1876.

Mwaka 1879 akawa kiongozi wa wapagazi katika msafara wa Keith Johnston, uliotoka Dar es Salaam. Johnston akafa mapema njiani, na msafara ukabaki mikononi mwa kijana Joseph Thomson, mwenye miaka 21 tu, aliyekuwa hajawahi kuongoza safari kama ile. Chuma akasimama pamoja naye. Mwaka 1880, wakiwa njiani kurudi, wakapita Ufipa, na Thomson akaliona Ziwa Rukwa. Kwa Chuma hiyo ilikuwa mara ya tatu kuikanyaga nchi hii.

Mwaka 1882 akafa kwa kifua kikuu hospitalini mwa misheni, Zanzibar. Alikuwa na miaka kama thelathini na miwili. Rafiki yake Susi, aliyekuwa Mwislamu safari zote zile, alibatizwa mwaka 1886, akachagua jina la David.

Waliobaki? Wale waliopokezana ule mti begani, wale wanawake waliosaga unga na kupika, wengi wao hata majina yao hatuyajui leo. Watu wamewasahau. LAKINI MUNGU HAJASAHAU. Soma Waebrania 6:10, utaona kwamba Mungu si dhalimu hata aisahau kazi ya mtu. Soma na Mathayo 10:42, utaona hata kikombe cha maji kina thawabu yake.

WEWE JE?

Kijana wa Mollo, nakujua mawazo yako. Unasema, mimi ni nani? Sikumaliza shule, nalima mahindi ya baba, nachota maji, nalea wadogo zangu. Wenye maana wako Sumbawanga mjini, wako Mbeya, wako Dar es Salaam.

Hebu angalia mkutano huu. Unamwona mhubiri jukwaani na kipaza sauti chake. Lakini je, umemwona yule kijana aliyechimba mashimo ya nguzo tangu jana? Na yule dada aliyebeba ndoo za maji kichwani ili wageni wapate chai? Yule anayelala uwanjani kulinda jenereta, na baridi hii ya Ufipa unaijua mwenyewe? Jina lake halitangazwi. Mbinguni limeandikwa, kama amempokea Yesu.

Hapo ndipo penyewe, rafiki. KAMA AMEMPOKEA YESU. Maana mtu anaweza kubeba mizigo ya kanisa miaka yote na mzigo wa dhambi zake ukabaki mgongoni palepale. Huo huwezi kuutua mwenyewe, na hakuna mpagazi wa kukusaidia ila mmoja. Yesu aliubeba msalabani. Alifia nje ya mji, kati ya wanyang'anyi wawili, rafiki zake wengi wamekimbia. Siku ya tatu akafufuka. Yuko hai!

Hatutendi kazi ndogo ndogo ili tuokoke. Tunaokolewa bure, kwa neema, ndipo kazi ndogo zinapata maana. Leo ukiokoka, kesho bado utaamka Mollo hapahapa, jembe ni lilelile, ndoo ni ileile. Lakini utakuwa unalima na kuchota mbele za Bwana anayekuona. Msalimie yule bibi ambaye hakuna anayemtembelea. Mpelekee kuni. Fagia kanisa wakati hakuna mtu. Msomee Neno yule asiyejua kusoma. Usingoje jukwaa.

Chuma aliubeba mwili wa mtu aliyekufa hadi pwani, na hakuuacha njiani. Wewe unaitwa kumfuata Bwana aliye hai. Utamkataa?

SALA YA TOBA

Kama umeguswa, usiahirishe. Sema kwa moyo wako wote:

Bwana Yesu, mimi ni mwenye dhambi. Nimechoka na mzigo wangu. Naamini ulikufa kwa ajili yangu na ukafufuka. Nisamehe. Nioshe kwa damu yako. Ingia moyoni mwangu, uwe Bwana wangu tangu leo. Nijaze Roho wako Mtakatifu, nikutumikie hata pale ambapo hakuna mtu anayeniona. Amina.

Umeomba? Usiondoke kimya kimya. Njoo mbele, au mwambie aliyekupa karatasi hii. Tafuta kanisa linalohubiri wokovu, anza kusoma Injili ya Yohana, sura moja kila siku. Ukifika sura ya sita, mtazame yule mtoto mwenye mikate mitano ya shayiri. Jina lake halikuandikwa. Lakini maelfu walishiba.

Ukishasoma, usitupe. MPE MWENZAKO. Na hiyo itakuwa kazi yako ya kwanza.