Herman Frasch

Herman Frasch (Oberrot, Württemberg, 25 Desemba 1851 – Paris, 1 Mei 1914) alikuwa mkemia na mvumbuzi mzaliwa wa Ujerumani aliyefanya kazi hasa nchini Marekani na Kanada. Anajulikana kwa mambo mawili yanayohusu elementi moja, yaani sulfuri (pia: salfa, kiberiti). Kwanza alibuni njia ya kuondoa sulfuri katika mafuta ghafi kwa kutumia oksidi ya shaba. Pili alibuni njia ya kuchimba sulfuri iliyo chini sana ardhini kwa kuiyeyusha kwa maji ya moto na kuipandisha juu kwa mabomba. Njia hiyo ya pili huitwa mchakato wa Frasch hadi leo.

Maisha ya awali

Frasch alizaliwa katika kijiji cha Oberrot, karibu na mji wa Gaildorf, kusini mwa Ujerumani. Mwaka 1868, akiwa bado kijana wa miaka 16, alihamia Marekani na kufika Philadelphia. Huko alifanya kazi katika maabara ya chuo cha famasia cha mji huo, chini ya profesa John Michael Maisch, naye pia mzaliwa wa Ujerumani. Kazi hiyo ilimpa ujuzi wa kemia kwa vitendo.

Katika miaka ya 1870 alifungua maabara yake mwenyewe. Wakati huo mafuta ya Pennsylvania yalikuwa yakitengenezewa mafuta ya taa, na Frasch aliona kwamba wasafishaji wengi walifanya kazi kwa kubahatisha, bila kujua vizuri kemia ya bidhaa yao. Mwaka 1876 alipata hataza ya njia bora ya kusafisha nta ya parafini. Hataza hiyo iliivutia kampuni ya Standard Oil ya John D. Rockefeller, na Frasch akahamia Cleveland, jimbo la Ohio, palipokuwa kitovu cha kampuni hiyo.

Tatizo la mafuta yenye sulfuri

Mafuta ya Pennsylvania yalikuwa na sulfuri kidogo sana, hivyo yalisafishwa kwa urahisi. Mafuta ya Ontario, nchini Kanada, yalikuwa tofauti. Yalinuka vibaya kiasi kwamba watu waliyalinganisha na kicheche. Mafuta ya taa yaliyotokana nayo yalitoa masizi, yalichafua vioo vya taa na kuacha harufu mbaya ndani ya nyumba. Chanzo cha hayo yote kilikuwa sulfuri iliyofungamana na kaboni ndani ya mafuta. Kuyakeneka, yaani kuyachemsha na kuupoza mvuke wake, hakukutosha, kwa sababu sulfuri ilipanda pamoja na mvuke.

Mwaka 1885 mafuta mengi yaligunduliwa karibu na mji wa Lima, Ohio, na eneo hilo la mafuta lilienea hadi jimbo la Indiana. Nayo yalikuwa na sulfuri. Bei yake ilianguka hadi chini ya senti 20 kwa pipa, kwa kuwa hakuna aliyeyataka kwa taa. Yalifaa tu kuchomwa kama fueli. Hata hivyo Rockefeller aliamua kuyanunua na kuyahifadhi kwenye matangi, akitumaini kwamba kemia ingepata jibu. Kufikia mwaka 1888 akiba hiyo ilikuwa imepita mapipa milioni 40. Baadhi ya wakurugenzi wenzake walipinga vikali, na mmoja wao, John Archbold, aliuza sehemu ya hisa zake kwa hofu ya hasara.

Njia ya oksidi ya shaba

Katikati ya miaka ya 1880 Frasch alikuwa ameondoka Standard Oil na kwenda London, Ontario, ambako aliendesha kampuni ndogo iliyoitwa Empire Oil Company. Alilazimika kutatua tatizo la sulfuri ili biashara yake isimame.

Jibu lake lilikuwa kutumia metali inayopenda kuungana na sulfuri. Aliongeza unga wa oksidi ya shaba katika mafuta wakati wa kuyakeneka na kuukoroga ili uguse mafuta yote. Sulfuri iliachana na mafuta na kuungana na shaba kuwa sulfidi ya shaba, kitu kigumu cheusi kilichobaki nyuma. Mafuta yaliyotoka yalikuwa safi na hayakunuka tena.

Jambo lililofanya njia hii ifae kwa kiwanda kikubwa ni kwamba shaba haikupotea. Sulfidi ya shaba ilichomwa tanurini mbele ya hewa. Sulfuri yake ilitoka kama gesi ya dioksidi ya sulfuri na shaba ikarudi kuwa oksidi, tayari kutumika tena. Bila hatua hiyo gharama ya shaba ingezidi thamani ya mafuta. Lakini hatua hiyohiyo ilionyesha pia kwamba sulfuri haikuwa imetoweka: ilikuwa imehamishwa kutoka kwenye mafuta hadi kwenye gesi inayokereketa koo na mapafu.

Frasch alipata hataza za njia hiyo kuanzia mwaka 1887. Standard Oil ilinunua hataza pamoja na kampuni yake, ikamrudisha kazini na kumlipa kwa hisa. Mafuta ya Lima sasa yaliweza kuuzwa kama mafuta ya taa ya kawaida na bei yake ilipanda. Kampuni ilijenga kiwanda kikubwa cha kusafishia mafuta huko Whiting, Indiana, kilichoanza kazi mwaka 1890. Hisa zilimfanya Frasch kuwa tajiri, na utajiri huo ndio aliotumia kwa jaribio lake lililofuata.

Sulfuri ya Louisiana

Katika wilaya ya Calcasieu, jimbo la Louisiana, watafuta mafuta walikuwa wamekuta tabaka nene la sulfuri mnamo miaka ya 1860. Kampuni kadhaa zilijaribu kulifikia kwa kuchimba shimo la mgodi na zote zilishindwa. Juu ya sulfuri kulikuwa na mchanga didimizi uliojaa maji, na chini yake gesi ya sulfidi ya hidrojeni, ambayo iliua wafanyakazi. Gesi hiyo hunuka kama mayai viza ikiwa kidogo, lakini ikizidi huua uwezo wa kunusa, hivyo mtu hudhani imekwisha kumbe imeongezeka.

Frasch aliona kwamba hakukuwa na haja ya kumteremsha mtu chini. Sulfuri huyeyuka kwenye joto la nyuzi 115 hivi za selsiasi. Alitoboa kisima na kuteremsha mabomba matatu, moja ndani ya jingine. Katika bomba la nje yalipita maji yenye joto la nyuzi 165 hivi, yaliyozuiwa kuchemka kwa shinikizo. Katika bomba la ndani kabisa ilisukumwa hewa iliyogandamizwa. Sulfuri iliyoyeyuka ilichanganyika na mapovu ya hewa, ikawa nyepesi na kupanda kupitia nafasi iliyobaki kati ya mabomba hayo.

Mnamo Desemba 1894 sulfuri ya maji ilitoka kisimani kwa mara ya kwanza. Ilipopoa na kuganda ilikuwa na usafi wa zaidi ya asilimia 99. Mwaka 1896 ilianzishwa Union Sulphur Company, Frasch akiwa kiongozi wake. Tatizo lililobaki lilikuwa gharama ya fueli ya kuchemsha maji. Lilipungua baada ya mwaka 1901, mafuta mengi yalipopatikana Spindletop katika jimbo jirani la Texas na bei yake kuwa ndogo.

Athari huko Sisilia

Hadi wakati huo sehemu kubwa ya sulfuri ya dunia ilitoka kisiwa cha Sisilia, Italia. Huko ilichimbwa kwa mikono, na watoto walitumika kubeba mawe migongoni kutoka chini ya ardhi. Sulfuri ya Louisiana ilikuwa safi na ya bei ndogo, ikaiondoa ile ya Sisilia katika soko la Marekani. Familia nyingi za wachimbaji zilipoteza riziki. Mwaka 1906 serikali ya Italia iliwaunganisha wazalishaji katika shirika la lazima, na baadaye pande hizo mbili zilikubaliana kugawana masoko.

Tuzo na kifo

Mwaka 1912 Frasch alipewa nishani ya Perkin, tuzo kuu ya kemia ya viwandani nchini Marekani. Alifariki Paris tarehe 1 Mei 1914, akiwa na umri wa miaka 62.

Urithi

Mchakato wa Frasch ulienea Texas, na baadaye ulitumika pia Mexico, Poland na Iraki. Sulfuri hiyo ilitumika hasa kutengeneza asidi ya sulfuriki, inayohitajika kwa mbolea.

Njia yake ya oksidi ya shaba iliachwa. Siku hizi viwanda huondoa sulfuri kwa kuyapitisha mafuta pamoja na hidrojeni juu ya kichocheo, mara nyingi chenye kobalti na molibdeni. Sulfuri hutoka kama sulfidi ya hidrojeni, kisha hugeuzwa kuwa sulfuri ngumu kwa mchakato wa Claus badala ya kuachwa hewani. Sheria zimechangia sana mabadiliko haya: tangu mwaka 2020 fueli ya meli hairuhusiwi kuzidi asilimia 0.5 ya sulfuri, isipokuwa meli ziwe na mitambo ya kusafisha moshi.

Wazo la kuongeza kemikali inayokamata sulfuri bado linatumika katika shehena za mafuta melini na kwenye matangi. Kemikali hizo, kama vile triazini, hunasa sulfidi ya hidrojeni iliyomo ili wafanyakazi wasidhurike. Haziondoi sulfuri yote ya mafuta. Zinahitaji kipimo sahihi, kuchanganyika vizuri na muda wa kutosha. Nyingi huunguza ngozi na macho, kwa hiyo hushikwa kwa glavu na miwani ya kinga. Baada ya kuziongeza, gesi hupimwa kwa kifaa kabla ya kufungua tangi, kamwe si kwa pua.

Sulfuri inayotolewa kwenye mafuta na gesi asilia iliongezeka hadi kuwa nafuu kuliko ile ya kuchimbwa. Mgodi wa mwisho wa Frasch nchini Marekani ulifungwa mwaka 2000. Hivyo kazi yake ya pili ilimalizwa na kuendelea kwa kazi yake ya kwanza.