Clemens von Pirquet: munganga aliyeonyesha kama mwili unakumbuka

Wandugu wa mugodi, wengi wetu tunajua kile kisindano cha TB. Wanatuchoma kiloko mu ngozi ya mukono, wanatuambia turudi kisha siku mbili ao tatu, wapime kama pamevimba. Mutu aliyeanza kusoma ule ugonjwa ku ngozi ni Clemens von Pirquet, munganga wa watoto.

Alizaliwa mwaka 1874 karibu na muji wa Vienna, inchi ya Austria. Kwanza alisoma teolojia, akafika mpaka Louvain kule Ubelgiji kusoma filozofia. Kisha aliacha ile njia, akashika masomo ya unganga na kuyamaliza ku Graz mwaka 1900.

Wakati ule difteria, ugonjwa wa kuziba koo, iliua watoto wengi. Wanganga waliitibu na serumu, dawa iliyotoka mu damu ya farasi. Iliponyesha wengi, lakini watoto wengine walipata homa, vipele na maumivu ya viungo. Juu ya nini wao, na wengine hapana? Pirquet na mwenzake Béla Schick walikaa wanahesabu siku. Mutoto aliyechomwa serumu mara ya kwanza aligonjwa kisha siku 8 mpaka 12. Yule aliyeipata zamani, mara ya pili aligonjwa mbio, pengine siku ile ile. Dawa ilikuwa moja. Kilichobadilika ni mwili. Ulishajua ile kitu ya kigeni na kutayarisha silaha, na kule kupambana njo kulileta ugonjwa. Waliandika hayo mu kitabu mwaka 1905. Mwaka 1906 Pirquet alitafutia jambo hilo jina: alerji.

Mwaka 1907 alitia tone la tuberkulini ku mukono wa watoto na kukwaruza ngozi. Mwili uliokutana na mikrobe ya TB ulivimbisha pale. Watoto wengi walioonekana wazima walivimba vilevile. Ni kusema, kuvimba kunaonyesha mwili ulikutana na mikrobe. Hakutoshi kusema mutu ni mugonjwa. Mwaka uliofuata, Mufaransa Charles Mantoux akaleta namna ya sindano tunayoijua.

Kisha vita ya 1914-1918, Pirquet alisimamia kazi ya kulisha watoto wa Austria waliokuwa na njaa. Mwaka 1929, yeye na bibi yake walijiua. Tunasikitika, maana aliokoa watoto wa watu wengi.

Mpaka leo wataalamu wanatafuta namna ya kujua mbele nani chanjo ao dawa itamufaa, na nani itamusumbua. Ulizo la Pirquet lingali la kwanza: mwili huu ulishakutana na dawa hii? Hata sasa serumu nyingi za sumu ya nyoka zinatoka mu damu ya farasi. Basi, mama, chunga karatasi ya chanjo ya mutoto. Na wewe baba, kama sindano fulani ilikuvimbisha ao kukukata pumzi, mwambie munganga mbele hajakuchoma tena.