John Cage: Mtunzi aliyetaka watu wasikilize ukimya

Kwetu sisi watu wa redio, ukimya hewani ni hitilafu. Lakini alikuwepo mtunzi wa muziki ambaye kazi yake maarufu kuliko zote ni ya ukimya: John Cage wa Marekani.

Cage alizaliwa Los Angeles mwaka 1912. Kufikia miaka ya 1940 alijulikana kwa kupachika skrubu na vipande vya mpira kwenye nyuzi za piano ili itoe milio kama ya ngoma. Hata hivyo, moyoni hakuwa na amani. Ndoa yake ilivunjika, na aliona kwamba akitunga muziki wa huzuni, wapo wanaocheka. Akajiuliza muziki ni wa nini.

Jibu lilitoka mbali. Mwaka 1946 alikutana na Gita Sarabhai, mwanamuziki kutoka India. Cage alimfundisha muziki wa Kizungu, naye akamfundisha wa Kihindi na kumweleza kwamba kazi ya muziki ni kutuliza akili. Baadaye Cage alihudhuria masomo ya Daisetz Suzuki, msomi wa Kijapani aliyefundisha Ubudha wa Zen jijini New York.

Cage hakuwa mtu wa kuketi na kufumba macho. Tafakuri yake ilikuwa katika kutunga: alirusha sarafu zimchagulie noti, ili asiongozwe na anachokipenda au kukichukia.

Kisha akaingia katika chumba maalumu cha Chuo Kikuu cha Harvard, ambacho kuta zake humeza sauti. Alitarajia kimya kabisa. Badala yake alisikia sauti mbili, akaambiwa ile nzito ni damu yake ikizunguka mwilini. Akatambua kwamba maadamu mtu yu hai, kimya kamili hakipo.

Tarehe 29 Agosti 1952, karibu na Woodstock, jimbo la New York, mpiga piano David Tudor aliketi mbele ya watu kwa dakika 4 na sekunde 33 bila kupiga hata noti moja. Upepo ukasikika, kisha mvua juu ya paa. Wengi walikasirika wakidhani wamefanyiwa mzaha. Kwa Cage, sauti hizo ndizo zilizokuwa muziki.

Alifariki mwaka 1992, na ubishi juu ya kazi hiyo haujaisha. Ukitaka kuamua mwenyewe, weka simu kando kwa dakika hizo, usikilize.