Kapteni Joubert: Mateka Aliyekuja Kuwalinda Mateka



Ukitoka Mpanda mjini ukashuka hadi Karema, safari inaishia kwenye maji ya Ziwa Tanganyika. Wengi wetu tukisikia Karema tunamkumbuka Adrian Atiman, yule katekista daktari aliyefika mwaka 1889. Lakini kabla yake alishapita hapo mwanajeshi mmoja: Ludovic Joubert.

Alizaliwa Saint-Herblon, Ufaransa, mwaka 1842. Akiwa na miaka 18 tu, umri wa kijana wa kidato cha sita, alikwenda Italia kujiunga na jeshi la Papa Pio IX. Hakukaa sana. Septemba 1860 jeshi hilo lilishindwa vibaya huko Castelfidardo, na Joubert akachukuliwa mateka. Yaani vita vyake vya kwanza viliishia mikononi mwa adui!

Alipoachiwa, angeweza kusema basi, imetosha. Yeye akarudi Roma, akatumikia kikosi cha Wazuavu, askari wa kujitolea wa Papa, mpaka akawa kapteni. Tarehe 20 Septemba 1870 Roma ikaanguka. Papa hakutaka damu zaidi imwagike, akaamuru bendera nyeupe ipandishwe. Joubert akaweka silaha chini na kurudishwa kwao. Miaka 10 ya ujana wake ikawa imeishia hivyo, kwa kushindwa.

Hebu jiulize: ungekuwa wewe, ungefanya nini?

Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadre Weupe, alikuwa akitafuta watu wa kuwasindikiza wamisionari wake kwenda Ziwa Tanganyika, ambako biashara ya watumwa ilikuwa imeshamiri. Mwaka 1880 Joubert akaitika. Alirudi Ufaransa kwa muda, kisha mwaka 1886 akaja tena. Safari hii alikuwa anakwenda Mpala, ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo. Alifika Karema mwezi Novemba, akaombwa asubiri kwanza kwa sababu misheni ilihitaji mlinzi. Akasubiri. Alifika Mpala Machi 1887.

Huko aliwakusanya vijana wenyeji, akawafundisha kulinda vijiji vyao. Watu waliokimbia minyororo walipata pa kukimbilia. Mwaka 1888 alifunga ndoa na Agnes Atakaye, binti wa huko huko. Wafanyabiashara ya watumwa walimshambulia na kumbana kwa miaka, mpaka msaada kutoka Ubelgiji ulipofika mwaka 1891. Biashara ile ilipozimwa, hakufunga mizigo arudi Ulaya. Alibaki na familia yake kando ya ziwa, akafa karibu na Moba mwaka 1927, akiwa na miaka 85.

Tusimpambe kupita kiasi. Alishika bunduki na akaua, na wakati huo huo mataifa ya Ulaya yalikuwa yanagawana ardhi ya babu zetu bila kuwauliza. Kanisa halijamtangaza mtakatifu. Ila kuna jambo moja tunaweza kujifunza kwake. Mtu aliyewahi kuwa mateka anaweza kutoka na uchungu, akatafuta wa kumlipizia. Joubert alitoka akawatafuta mateka wengine, awasaidie kuwa huru.

Na wewe unayesoma hapa, pengine umefeli mtihani, umekosa ajira, au umetoka kwenye jambo lililokufunga kwa muda mrefu. Usione aibu. Anayejua uchungu wa kufungwa ndiye anayemwelewa aliyefungwa. Wiki hii soma Luka 4:16-21 taratibu, halafu mtafute mtu mmoja aliyebanwa na pombe, madeni au upweke, ukakae naye.

Tusali: Ee Bwana Yesu, uliyekubali kufungwa kwa ajili yetu, chukua kushindwa kwetu ukufanye kuwa msaada kwa wengine. Na pale unapotuambia tusubiri, utupe moyo wa kusubiri. Amina.